Sahani ya Mzima

Watu wakisikia ninaotesha figo maabarani, wanadhani nimezipanga kwenye friji kama nyanya. Figo gani! Nilicho nacho ni vijinyama kama punje za mtama, vinaelea kwenye maji ya lishe, na kila siku sharti nivibadilishie maji hayo, iwe Jumapili, niwe na homa.

Vijinyama hivyo vilitokana na damu ya kaka yangu. Figo zake zimejaa vifuko vya maji, ugonjwa uleule uliomwondoa baba, na mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Tulizigeuza seli zake kuwa seli shina, zile changa zinazoweza kuwa kiungo chochote, tukazikuza ziwe figo ili tuone vifuko vinaanzaje. Lakini ugonjwa hauonekani vizuri mpaka uulinganishe na uzima, hivyo ilitakiwa damu ya ndugu asiyeumwa. Ndugu ni mimi tu. Tena nilishamwahidi figo yangu moja, kwa kuwa mama presha inamsumbua, na hospitali ilikuwa ianze kunipima mwezi unaofuata. Kiherehere changu! Nikatoa damu, na kwenye kifuniko cha sahani yangu nikaandika MZIMA.

Wiki ya tano, vijinyama vya kaka vikaanza kuvimba. Hilo tulilitarajia. Kesho yake nikaweka sahani yangu chini ya hadubini, nikaona kifuko. Kisha cha pili. Nikamfokea mwenzangu mbele ya watu kwamba amechanganya sahani, masikini wa Mungu. Mkuu wetu akapima upya kila kitu, akavuta kiti akakaa karibu nami. Hakuna kilichochanganywa. Kasoro aliyotuachia baba ninayo na mimi.

Na nisijifanye mwema: niliogopa kwa ajili yangu kwanza, ndipo nikamkumbuka kaka.

Nilimkuta kwenye mashine, mkono umenyooshwa. Akanitania kwamba figo yangu ikiingia mwilini mwake, naye ataanza kufoka ovyo. Nikamweleza yote bila kuzunguka. Nilijiandaa anilaumu, au alie, maana mtu mwingine wa kumpa hakuwa naye. Muuguzi akaja, akasoma mashine, akaondoka.

“Sasa wewe, mdogo wangu,” akasema, “nani atakupa?”