Bomba la Kliniki ya Kifua

Maabarani, Wietske alilaza tepe tatu nyembamba za kupimia bakteria kwenye karatasi, akazisogeza kwa kibanio hadi mistari yake ikalingana. Utepe wa kwanza ulitokana na makohozi ya Bwana Boonstra. Wa pili, ya mwanamke mmoja kutoka Delfzijl. Wa tatu haukutoka kwa mtu. Maji yake aliyakinga mwenyewe wiki saba nyuma, kwenye bomba la maji ya moto la kliniki ya kifua, kwa shaka ambayo hakumwambia yeyote.

Mistari ilifanana. Lakini utepe hutaja ukoo wa bakteria tu. Alama ndogo za vinasaba ndizo zinazotaja nyumba yao ndani ya ukoo, na majibu yake yalikuwa kwenye kompyuta tangu asubuhi. Nyumba moja, sampuli zote tatu.

Akafumba macho. "Ee Mungu, nipe kinywa cha kusema," akanong'ona.

Akaenda kwa Daktari Femke, mkuu wa maabara.

"Sindano za Bwana Boonstra zisimame."

"Zinaanza saa tano, dada. Ameshafika, anatania kila mtu."

"Bakteria wale huenda hawamo kifuani mwake. Wamo kwenye bomba letu. Alisukutua kwa maji yale kabla ya kukohoa."

"Si kuna maji ya chupa, yaliyotakaswa? Nani aliruhusu bomba?"

"Mimi. Ilikuwa Januari. Chupa zilikuwa za baridi mno, nikawaonea wagonjwa huruma."

Femke aliweka kalamu chini. "Miaka yote hii unanigombeza kwa ajili ya glavu. Halafu wewe!"

"Nigombeze baadaye. Dawa ile inaweza kuharibu masikio, na mzee yule kazi yake ni kusawazisha sauti za vinanda vya makanisa."

"Na lile doa kwenye picha ya kifua? Anaweza kuwa mgonjwa kweli."

"Najua. Ndiyo maana nataka makohozi mapya."

Femke akainua simu.

Kwenye chumba cha sindano, Bwana Boonstra alikuwa amekunja mkono wa shati, tayari. "Mama wa maabara! Kumbe nyie huwa mnatoka nje?"

Wietske alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea.

"Yaani," mzee akasema taratibu, "nimezunguka makanisa tisa kuaga vinanda vyangu, kwa sababu wewe uliogopa nitapata baridi ya meno?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nisamehe. Na bado sijui kama u mzima."

Mzee akashusha mkono wa shati. Kisha akanyoosha mkono, akapokea chupa ya maji yaliyotakaswa, akasukutua, akakunja uso, akatema. "Haya. Kikopo kiko wapi?"

Akainama kukohoa. Wietske akamwekea kiganja mgongoni. Chini ya shati alihisi pumzi ikishuka, ikishuka mpaka chini kabisa, ikatulia. Naye akangoja ipande.