Wafungashaji wa Chini ya Ngozi

Jumatatu saa moja asubuhi Aikande alisimama mahali pake kwenye meza ya tatu, katika banda la kufungashia maua, karibu na Olmotonyi, akapangusa makamasi kwa bega na kuanza kazi. Mashada manane, karatasi, kamba, boksi jingine. Shamba lile lilikuwa la kahawa mpaka alipokuja mwekezaji. Sasa lilikuwa la mawaridi, na waridi halimsubiri mtu apone. Mafua yalikuwa yamewashika wanawake wote wa meza ya tatu. Wakitaka kupiga chafya waligeuza uso, wasilowanishe maua.

Kabla ya saa ya chai, ngozi ya mkono wake wa kushoto ikawa angavu kama nailoni, na chini yake akawaona wafungashaji. Walikuwa wadogo mno, wamejipanga bega kwa bega, wakipokea vipande vinane vinane kutoka ndani. Mzigo ukitimia waliusukuma juu, ngozi ikavimba kidogo, wakaufunika kwa ngozi hiyo hiyo, wakaukata, ukaruka. Baadhi ya mizigo iliondoka na vipande saba; hata kwenye meza ya tatu hutokea. Aikande aliijua kazi ile. Kilichomtia kinyaa ni karatasi waliyotumia, maana ilikuwa yeye.

Jioni alipitia zahanati ya mtu binafsi kule Sakina. Mganga, Dismasi, aliutazama mkono akasema hizo ni protini za matriksi, zile zinazotandika ganda la kirusi kwa ndani; kila kirusi cha mafua kinazo. Nyingine ni vijilango vya kuingiza uchachu ili mzigo ufunguke. Ndiyo maana tangu Jumapili kooni alihisi ndimu. Hawa waliojipanga ndio wakusanyaji wa vile vipande vinane vya kirusi, na bila wao kirusi hakitoki. Alimshauri apumzike siku mbili, na asimsogelee sana mtoto. Nyumbani alikuwa na Eliya, wa miezi mitano, anayenyonya.

Jumanne alimfuata Naftali, supavaiza, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Alimwamkia shikamoo, akaomba siku mbili kwa ajili ya mtoto. Naftali aliuinua ule mkono kwenye mwanga, akautazama kama mtu aliyeonyeshwa mtamba mzuri mnadani. Akawaita wanawake wengine waje wajifunze kwa wafungashaji wale: hawanywi chai, hawaendi chooni, hawasimami kupiga soga.

"Mama Eliya," alisema, "wako wengi hivi, na hakuna hata mmoja aliyeniomba ruhusa."

Makamasi mtu anayapangusa yakaisha. Maneno yale yalimganda Aikande mpaka jioni, akawa anatema mate kila alipoyakumbuka.

Kufika Alhamisi ngozi ilikuwa imekwisha mpaka kwenye kiwiko. Nyama ilibaki inatoa majimaji, karatasi za maua zikaanza kupata madoa. Glavu walizokuwa wakiziomba tangu mwaka uliopita zililetwa saa ile ile, maua yasichafuke. Mwekezaji alipita, akauangalia mkono, akauliza kama wafungashaji wale wanaweza kupatikana kwa meza zote.

Jioni hiyo Aikande alijifunga kanga mkononi ili amnyonyeshe mwanawe. Eliya alipiga chafya mara mbili. Akampeleka dirishani. Mkono wa mtoto, mnene kama gunzi la hindi, ulikuwa umeshakuwa angavu, na chini yake walikuwa wamejipanga, bado wageni kazini, wakihesabu polepole.

Ijumaa alimweleza Naftali, akiamini mtoto mgonjwa angempatia ruhusa ile aliyonyimwa yeye. Naftali aliweka kalamu chini, akavua miwani, akampa pole ya kweli.

"Na hao wa mtoto," akauliza, "nao wanafikisha nane?"

"Wengine wanaishia saba."

"Watazoea," alisema Naftali, akamsogezea boksi.

Aikande akavaa glavu.