Waliojiondokea kwa Hiari

...kioo, ati kioo, bosi Trent amekwisha kulitamka neno hilo mara tatu wala halimchubui ulimi, "Sisi ni kioo tu, jamani, watu wakihamia mrengo wa kulia, kioo kifanyeje?", na wote mezani wanacheka huku mikono iko juu, vidole vitano, vidole vinne, ndivyo wanavyokubaliana katika ofisi hii ya mtandao wa kijamii, San Francisco, vitano ni naunga mkono kabisa, ngumi ni nazuia, na ngumi moja tu inatosha kuirudisha taarifa ikaandikwe upya, lakini nani amewahi kuona ngumi humu, na mkono wa Corinne bado uko chini ya meza, mbwa wa Trent anaulamba, lo, mate ya moto, kinyaa juu ya kinyaa... kesho taarifa inakwenda kwa maseneta, na chini yake jina lake, Corinne Haddix, mkuu wa utafiti, ionekane mambo yamepimwa... "Tunakusubiri wewe tu, bibie," Trent anasema, vipande vya mwani mkavu anaoutafuna vimemganda menoni, na macho makavu vilevile, watumiaji ndio walioubadilisha mtandao, sera hazihusiki, eti hazihusiki, na kanuni ya kukataza matusi nani aliifuta Aprili, upepo?, waliotukanwa wakaondoka, waliotukana wakabaki, kisha hao hao waliobaki wakaitwa umma, wakaulizwa mnataka nini, wakataka kanuni nyingine ifutwe, ikafutwa... lakini usijikoshe, Corinne, sera haikuandika tusi hata moja, watu ndio walioandika, Mjomba Dale aliandika, yule yule anayekata bata mzinga kila sikukuu ya Shukrani na kuombea chakula kwa sauti ya upole, ptu, hawa walifungua mlango na wale wakaingia mbio, wote wananuka... "Asiyetaka anaondoka, nani amemfukuza mtu?" Trent huyo, na ndivyo isemavyo aya ya tatu ya taarifa, waliojiondokea kwa hiari, maelfu kwa maelfu, na Mama je, muuguzi mstaafu kule Zanesville, aliyekuwa akiandika humu humu mtandaoni kwa adabu zote kuhusu vitabu vya maktaba ya shule visiondolewe, na siku ile kwenye simu, "Mwanangu, wamebandika picha ya nyumba yangu, wameandika jinsi nitakavyokufa," "Ripoti, Mama," "Nimesharipoti, nimejibiwa haivunji kanuni yoyote, basi nimeifunga akaunti, wabaki wakijisemea wenyewe"... kafunga mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, kwa hiyo yumo, Mungu wangu, yumo kwenye aya ya tatu, Mama kahesabiwa humo, Mama ni ushahidi wao... "Corinne? Vitano au vinne?", na Trent bado anatabasamu, mikono bado iko juu, wake bado uko chini, lakini vidole vimekwisha kujikunja ngumi, hapana, jina lake haliendi, wamtafute mwingine wa kuwaambia maseneta kwamba mama yake, Maureen Haddix, aliondoka kwa kupenda.