Mabenchi ya Moto

Wakubwa wa mji wanatupenda sana sisi watu wa Apia, hapa Samoa. Kama wasingetupenda, wangetuachia stendi yetu ya zamani ubavuni mwa soko, ambapo ulikuwa ukishuka tu basi uko kwenye mafungu ya magimbi. Lakini walituonea huruma. Walimleta mtaalamu kwa ndege, akazungukazunguka na kofia yake, akaona tunateseka.

Stendi ikahamishwa. Mabasi, teksi na kila chenye magurudumu vikapelekwa upande wa pili, na katikati tukajengewa barabara pana ya waenda kwa miguu. Na mabenchi! Mabenchi ya chuma yanayong'aa, safu mbili zinazotazamana, kutoka soko hadi stendi. Kwenye mchoro wa mtaalamu watu walikuwa wanapita katikati na vikombe vya kahawa, migongo imenyooka. Sijui aliwaona wapi watu hao.

Maana penye benchi pana mzee. Na mbele ya mzee aliyeketi hupiti wima. Unainama, unashusha mkono, unaomba radhi kwa kusema "tulou", ndipo unapita. Nyumbani hilo ni jambo la hatua chache. Pale ni machifu na mabibi tangu asubuhi, kila mmoja na mkeka wake wa kukalia kwa sababu chuma kinaunguza. Unaanza kuinama sokoni, unanyooka stendi, kama mgongo bado unakubali. Vijana wakagundua mtaro nyuma ya mabenchi, wakawa wanaruka humo na kupita. Barabara imekula fedha za kununua kisiwa, na watu wanatembea mtaroni. Hongereni sana.

Aliyeyapigania mabenchi mkutanoni ni mjomba wetu, chifu Lauvao. Sasa ndiye askari wa adabu, amekalia upande wa soko: msichana akipita amenyooka, anamrudisha sokoni aanze upya.

Ijumaa moja mdogo wangu Sieni, mimba yake imetimia, alikuwa ananichagulia ndizi sokoni akanishika mkono.

"Dada, nadhani ni leo."

"Unadhani?"

"Dada!"

Tuliacha ndizi. Basi la hospitali lilikuwa linanguruma kule stendi, na kati yetu na lenyewe kulikuwa na maendeleo yote yale. Kwenye benchi la kwanza Sieni akajaribu kuinama. Akapiga ukelele, akaning'ang'ania bega. Kushuka mtaroni ndiyo usiseme.

"Siwezi, dada. Nikiinama anatoka."

"Basi pita hivyo hivyo!"

"Mbele ya mjomba? Mwanangu aje duniani na mama asiye na adabu?"

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumpata yule mtaalamu, nimkalishe juu ya chuma chake. Mwaka juzi Sieni alimpoteza mtoto njiani kwenda hospitali, na kila mtu kwenye mabenchi yale alikuja msibani. Nikapaza sauti.

"Mjomba! Sieni ana uchungu!"

"Naona. Nina macho."

"Hawezi kuinama, mjomba."

Chifu hasimami kumpisha binti wa dada yake; angesemwa mpaka na wajukuu. Safu nzima ilikuwa inamtazama. Sieni alianza kupumua kwa nguvu, na dereva akapiga honi.

Mjomba akainuka ghafla.

"Ah! Benchi gani hili? Linaniunguza makalio!"

Alikuwa amekalia mkeka uliokunjwa mara nne, na wingu zito lilikuwa limeufunika mji tangu alfajiri.

Ng'ambo yake Bibi Makerita akamwangalia, akamwangalia Sieni, akaikamata fimbo yake.

"Kumbe na lako, Lauvao? Mimi langu linanibandua ngozi!"

Naye akasimama. Akafuata wa pembeni yake, na wa pembeni yake tena, mpaka kule stendi. Wazee wazima wakawa wanajipapasa nyuma na kumlaani mtaalamu, machifu wanaapa wameungua vibaya, bibi mmoja anaita maji. Sieni akapita katikati yao amenyooka, taratibu, akisimama kila uchungu ulipobana. Alipomfikia mjomba alifungua mdomo kuomba radhi.

"Tu..."

"Nani amekaa hapa wewe? Tembea!"

Tulipopanda, dereva hakungoja hata nauli. Mvua ikaanguka, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Nikageuka kutazama kwenye kioo cha nyuma, Sieni akiniponda vidole.

Walikuwa bado wamesimama, safu mbili, mikeka juu ya vichwa, mjomba wangu kule upande wa soko, uso kwenye basi. Mvua ilikuwa inayachapa mabenchi, maji yanatiririka. Mpaka tunakata kona hakuna aliyekaa. Yalikuwa bado ya moto.