Makala ya Lukresia wa Mukendo

Jumanne moja ya mwaka 1993, Lukresia Wambura alianika shuka jeupe uani kwake Mukendo. Jua lilipotua, sinema ikaanza kuonekana juu yake, kama ilivyokuwa kila jioni tangu apunguzwe kazini. Kwa miaka kumi na saba aliendesha mashine ya sinema kwenye gari la serikali, Murangi, Bunda mpaka Butiama. Gari lilipouzwa pamoja na mashine, picha zikamfuata nyumbani zenyewe. Majirani walikuja kutazama, naye aliwaomba tu wasikanyage mchicha.

Alikuwa ameandika makala juu ya watazamaji wake wa zamani. Chuo kimoja cha mbali kilitangaza mkutano wa wasomi wa filamu, kikataka muhtasari wa maneno mia mbili, nakala tatu zilizopigwa chapa, na fomu ya jina na chuo. Lukresia alipunguza maneno siku tisa. Penye nafasi ya chuo akaandika Mukendo.

Kamati ilijibu kwamba muhtasari umependeza, ila asiye na chuo hapangiwi jopo. Atume makala nzima kwa Dakta Florian Mhoja, mmoja wao, waiwasilishe pamoja. Akatuma kurasa arobaini za mwandiko wake, bila kubakiza nakala. Miezi mitano ikapita kimya.

Jioni hiyo ya Jumanne shuka lilionyesha ukumbi wa mkutano ule. Dakta Mhoja alisimama mbele, akasema anawasilisha utafiti wake, kisha akaanza na akina mama wa Murangi walioitikia salamu za watu wa kwenye picha.

“Si ndiyo hayo ulikuwaga unatusomea?” akauliza Wankyo, jirani yake.

“Ndiyo.”

“Anasoma vizuri. Atakutaja saa ngapi?”

Lukresia akamwambia asubiri, shukrani huwekwa mwishoni. Upepo wa ziwani ulilitikisa shuka, Dakta akapinda kiunoni, akaendelea. Aliporuka aya ya mzee kipofu wa Butiama aliyesema picha zinampasha joto usoni, Lukresia aliisema mwenyewe, polepole, mpaka ikaisha.

Mwenyekiti wa jopo akagonga meza. Dakta alikishukuru chuo chake, akamshukuru na mkewe, akapigiwa makofi. Wasomi wakatoka kwenda kunywa chai, ukumbi ukabaki mtupu.

Hakuna jirani aliyeondoka. Wankyo akasogea karibu na shuka, labda jina lingetajwa kwa sauti ndogo.