Mwenye Sikio Lililochanika

Naogopa viboko, na sioni aibu kusema. Mkazi wa Ubaruku akikwambia haogopi kiboko, huyo ama ni mgeni ama ni muongo. Kwa hiyo Mwalimu Leela alipotutangazia sisi wanafunzi wake sita kwamba tutajifunza kuangalia nyangumi kwa kuangalia viboko wa mto Ruaha, nilitaka kurudi nyumbani palepale.

Mwalimu Leela ni wa Iringa mjini, kwao wana duka la vitambaa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Miaka tisa alifanya kazi kwenye meli za utafiti, anakaa juu na darubini, anaandika kila nyangumi na pomboo anayeibuka. Alituambia kazi hiyo siyo mchezo, kwa sababu mwangalizi akisema simama, meli inasimama, nahodha apende asipende. Sasa alikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mtu kisiwani Mafia, kwenye meli hizo. Viboko ni shule nzuri, alisema, maana nao wanaibuka kuvuta pumzi mara moja au mbili halafu maji yanafunga kimya. Unaandika saa, umbali na idadi. Kiboko akipita dakika sita hajaibuka, hayupo hapo, katafute alikokwenda.

Mimi idadi ndiyo iliyonishinda. Sisi ni Wasukuma, babu alihamia Usangu na ng'ombe wake, na kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kumnyooshea kidole kiumbe hai ukasema moja, mbili, ni kumwitia balaa. Baba anasimama mlangoni pa zizi, anatazama tu, halafu anasema mwenye pembe iliyopinda hayupo. Na kweli hayupo. Nami nimekua hivyohivyo, najua sura. Wiki tatu nzima namba zangu hazikulingana na za wenzangu, na Andendekisye, kijana wa Tukuyu niliyepangwa naye, alikuwa ananitania kwamba nitawaita nyangumi kwa majina. Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Mwalimu alishanionya: karatasi ya Ijumaa ndiyo ya mwisho, ikikosewa nabaki Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Ijumaa tulikaa juu ya ukingo wa mto, mimi na Andendekisye, bwawa lote la viboko liko chini yetu. Kimya kabisa, ndiyo sheria. Saa mbili kasoro walikuwa kumi. Nilishawajua wote: mama na mtoto wake, mzee mwenye kovu mgongoni, na yule dume mkorofi mwenye sikio lililochanika, ambaye kila nikimwona narudi nyuma hatua moja.

Saa mbili na dakika tano nikaona sikio hilo halijaibuka muda mrefu. Nikatazama saa. Dakika saba. Dakika tisa. Mara, kwenye kona ya mto, dume mmoja mdogo, mgeni, akaingia bwawani na kuibuka katikati ya wenzake. Andendekisye akahesabu, akaandika kumi.

Wakati huo Mwalimu Leela alikuwa anataka kushuka. Mti wa kupimia umbali, uliosimikwa majini karibu na matete, ulikuwa umeinama, akataka kuusimamisha. Kabla mtu hajashuka majini, waangalizi lazima wamwonyeshe kwa vidole kwamba wanyama wote wapo. Akatugeukia akiwa pembeni ya matete, akainua kidevu kuuliza.

Andendekisye akanyoosha vidole kumi. Akanitazama. Mwalimu naye akanitazama, na nikaona anavyonisubiri, kama mtu anayesubiri mtoto mzito wa kuelewa darasani. Nikawaza, huenda aliibuka wakati naandika. Nikawaza, nikisema hayupo na yupo, nimekwisha. Woga wa kiboko nilikuwa nao, lakini woga wa kuonekana mjinga ulikuwa mkubwa zaidi. Nikanyoosha vidole kumi, na kwenye karatasi nikaandika kumi.

Mwalimu akashuka.

Sijui niseme vipi dakika zile. Nilitazama maji, nilitazama matete. Mama akaibuka na mtoto wake. Mzee wa kovu akaibuka. Yule mgeni akaibuka. Nami bado nimekaa. Matete yakatikisika nyuma ya Mwalimu, na upepo haukuwepo. Ndipo nikasimama nikapiga kelele, lakini yule mwenye sikio lililochanika alishatoka.

Wavuvi waliokuwa karibu ndio waliomfukuza kwa makelele na kasia. Mwalimu alikuwa hai. Paja lilikuwa limevunjika vibaya, akapakiwa kwenye gari la mpunga mpaka Igawa, kisha hospitali Mbeya.

Siku ya nane nilikwenda kumwona. Mguu ulikuwa umening'inizwa, na karatasi zetu zote alikuwa nazo kitandani. Akaniambia ya kwangu ni safi, namba zote zinalingana na za Andendekisye, kwa mara ya kwanza. Akatabasamu. Mama yangu, tabasamu lile liliniua.

Ningeweza kunyamaza. Nilichukua kalamu nikakata ile kumi, nikaandika pembeni: mwenye sikio lililochanika hayupo. Nikamrudishia.

"Ulijua saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili na dakika tano."

Akapekua karatasi ya Andendekisye. Kijana wa watu alikuwa ameandika hata saa ya ajali. Saa mbili na dakika kumi na tisa. Mwalimu akaziweka karatasi zetu mbili sambamba: dakika kumi na nne.

"Andendekisye alikosea," akasema. "Wewe ulinidanganya."

Aliyekwenda Mafia ni Andendekisye. Sikulalamika, ningelalamika kwa uso gani? Mimi niko kwenye mashine ya mpunga, na jioni nasaidia kuingiza ng'ombe. Baba ananiachia mlango wa zizi siku hizi. Nikihisi tu kuna sura imepungua napiga kelele kijiji kizima kisikie, na mara nyingine ng'ombe yupo, kajificha nyuma ya mwenzake, na wadogo zangu wananicheka. Wacha wacheke.