Kitovu cha Wisa

Tangu asubuhi Mama Wisa hakukalika. Aliketi, akainuka, akamimina chai na kuisahau, akarudi tena kwenye kamba iliyozungushwa kwenye magofu. Wachimbaji wakanong'onezana kwamba bibi ana sisimizi ndani ya gauni.

Kisa ni maneno ya jana. Mkaguzi wa mambo ya kale, Nagla, binti wa Iskandaria mwenye kofia pana, alisema upande wa kaskazini wa magofu haukuwa kanisa la kubatizia watoto wa mahujaji, kama wazee walivyodai. Vilikuwa vyumba vya kulala watawa.

Mama Wisa nusura aangushe sinia. Humo ndimo alimofukia kitovu cha mwanawe kilipodondoka, ndani ya kichupa cha udongo alichookota shambani, mtoto akue na baraka. Mtu hufuata kitovu chake kilipolala. Wenye akili hukifukia shuleni wapate mwalimu, au sokoni wapate tajiri. Yeye alikilaza na watawa! Ndiyo maana Wisa, ndevu zina mvi tayari, akitajiwa mchumba huenda kulisha punda. Na Marina, yule mjane mfinyanzi aliyemtazama muda wote huo, shingo ilishaanza kuchoka.

Adhuhuri nyapara akainua mkono. Kichupa kimetoka. Ndani mna kitambaa, na ndani ya kitambaa kitu kikavu kama tende iliyosahaulika. Padri, Abuna Barsum, akavua viatu, akasema kwamba pengine ni kidole cha mtakatifu. Watu wakapiga magoti. Wa kwanza kukibusu alikuwa Wisa, mchimbaji mwenzao.

Mama yake akavuka kamba.

"Abuna, kiweke chini. Hicho kidole nimekizaa mimi."

Nagla akakunjua kitambaa, akaona chapa ya gunia la unga, akauma mdomo asicheke. Kichupa ni cha serikali, akasema. Kilichomo, mama achukue. Wisa alikuwa akijifuta midomo kwa mkono wa kanzu.

Jua linazama, Marina alimkuta bibi amechuchumaa kizingitini kwake, anachimba kwa kijiko.

"Mama Wisa, umepoteza nini mlangoni kwangu?"

"Sijapoteza. Napanda."

Marina akakitazama kile kitambaa, akamtazama na bibi. Habari alishazisikia, kijiji kizima kilishazisikia. Akaingia ndani, akatoka na jembe.

"Kijiko hakifiki mbali, mama," akasema. "Sogea."